Fundi Magodoro na Uzi wa Pumzi

Mama mkwe wangu alikuwa akishona magodoro. Mtaani kwetu walimwita Mama Magodoro, hata wale waliojua jina lake, na ukimwita kwa jina alikuwa anageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Habari yake watu wanaisimulia kwa namna mbili tu: kuna wanaosema alimroga mfalme, na kuna wanaosema alikuwa mjinga. Mchawi hakuwa. Mjinga pia hakuwa. Mimi niliolewa nyumba ile, nikala naye na kulia naye, ndiyo maana nasema.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Ukiingia ulikanyaga pamba. Pamba ilikuwa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye masikio ya paka. Yeye aliketi sakafuni, miguu kainyoosha, godoro limelala mbele yake kama mgonjwa, na sindano yake ndefu kuliko kiganja. Anachoma juu, anaipokea chini, anavuta. Akifika mwisho wa mshono anafunga fundo dogo kama punje ya mchele, na fundo hilo halikufunguka tena duniani.

Ukimletea godoro kuukuu lililoshonwa na fundi mwingine, hakukata uzi. Alilifumua kwa ncha ya sindano, mshono kwa mshono, akauzungushia uzi kwenye kijiti ili autumie tena. Tulimtania sana.

"Mama," mume wangu alikuwa akimwambia, "mimi nikilala naogopa utanifumua ndevu uzisokote."

"Ndevu zenyewe ziko wapi? Hizo hazitoshi hata kushonea kifungo."

Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Wakati mfalme anajenga ukuta mpya wa kasri, vijana wa mtaa walichukuliwa kwenda machimboni kuchonga mawe, naye akachukuliwa. Aliyekuja kumtoa mlangoni alikuwa nyapara mmoja mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Tulirudishiwa mtu aliyejaa vumbi kifuani. Alikohoa mpaka vikombe vikagongana kabatini. Tabibu alimwekea sikio mgongoni, akasikiliza, akasimama, akavaa viatu vyake polepole kama mtu asiyetaka kufika kwenye maneno.

"Mpeni anachopenda," alisema.

Basi Mungu ana mipango yake. Siku zile zile mfalme naye akashikwa na ugonjwa wa moyo. Na kwetu hakuna aliyekua bila kusikia habari ya uzi wa pumzi. Zamani sana palikuwa na sindano ya mfupa na uzi mmoja mweupe, na mtu akishonwa kifuani kwa vitu hivyo viwili, pumzi yake haitoki. Sindano ilikuwa kasrini, kwenye sanduku la wafalme. Uzi ulibaki Mji wa Juu, ule mji uliohamwa, kule milimani. Mfalme akatuma mafundi wake wa nguo. Walirudi mikono mitupu. Walisema uzi upo, ila umeshonwa ndani ya mtu, na mtu mwenyewe anawatazama. Tena uzi ule hautakiwi kukatwa. Ukikatwa unakuwa uzi tu, kama wa dukani.

Ndipo mtu akamtajia mfalme jina la mama mkwe wangu.

"Hodi!"

"Hodi ya nani?"

"Ya kasri."

Alikuwa ni yule yule Nyapara. Mama hakunyanyuka.

"Humu hakuna tena wa kumchukua," alisema. "Aliyebaki unamsikia anavyokohoa. Sikiliza vizuri, ni kazi ya mikono yako."

Nyapara alisimama juu ya pamba kama anayeogopa kuichafua. Akaeleza. Mfalme anataka uzi, na atakayeuleta, mgonjwa wake atashonwa wa kwanza, kabla ya mfalme mwenyewe.

"Ameapa kwa nini?"

"Kwa kiti chake cha enzi."

"Kiti ni mbao, baba."

Kutoka chumba cha ndani mume wangu akaita, "Mama, usiende na mtu huyo!" Kisha kikohozi kikamkamata. Mama akakisikiliza mpaka kikaisha. Akachoma sindano yake kwenye godoro lililokuwa mbele yake, akainuka, akafuta pamba magotini.

"Mwanangu," aliniambia mimi, "nakuachia mumeo. Mpe maji kidogo kidogo. Na usimwache afe."

Kana kwamba hilo lilikuwa langu kuamua. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Ya njiani alinisimulia mwenyewe, na mengine nilikuja kuyasikia kwa Nyapara. Sindano ya mfupa hakupewa mama. Nyapara ndiye aliyeivaa shingoni ndani ya kikopo, maana mfalme alisema maskini hawaachiwi kitu kama hicho. Mwenye sindano hakujua kufumua, na mwenye kujua kufumua hakuwa na sindano. Walitembea hivyo, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule.

"Unakoroma kama machimbo," mama alimwambia asubuhi moja.

"Na wewe unaomba kwa sauti mpaka usingizi unanikimbia."

"Nakuombea wewe."

"Mimi? Unaniombea nini?"

"Uumwe. Kidogo tu. Halafu upone."

Nyapara hakujua acheke au akasirike. Walitembea hadi jua likawa kali, ndipo akasema, bila kumtazama, "Nilipewa idadi ya vijana. Ingepungua, wangemchukua mdogo wangu."

"Kwa hiyo ukamchukua wangu."

"Ndiyo. Nikamchukua wako."

Walipoketi kula, mama aliukata mkate vipande viwili akamsogezea kimoja, na kipande kikubwa kilikuwa cha Nyapara. Namjua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akigombana.

Mbele kidogo mkanda wa mfuko wa Nyapara ukakatika. Mama akauchukua, akatoa sindano yake ya kawaida, akaushona huku anapiga soga juu ya mume wangu alivyokuwa mdogo. Nyapara alipoupokea mfuko akakuta umeshonwa pamoja na blanketi lake.

"Mama, umeniunganisha na blanketi! Hebu fungua."

Mama akatazama, akashika mdomo. "Ai! Na fundo nimeshafunga?"

"Hujui umefunga?"

"Mkono unafunga wenyewe, baba. Nikiwa naongea, mimi siujui. Na fundo langu halifunguki, hata mimi mwenyewe halinitii. Langu hukatwa."

Nyapara akatembea na blanketi linaburuzika nyuma kama mkia, na wote wawili wakacheka mpaka wakaketi chini. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja. Kila aliponisimulia hapo, mama alikuwa akiweka sindano chini kwanza.

Mji wa Juu ulikuwa na nyumba zisizo na paa na njia zilizoota majani. Nyumba moja tu ilikuwa na mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda mwanamke mzee kupita uzee, mkavu kama ganda la yai, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa malkia wa mfalme wa kwanza. Nyapara alirudi nyuma hadi ukutani. Mama yeye aliona godoro.

"Bibi," alisema, "nani alikushonea kitu hiki? Kimekuwa mabonge matupu."

Yule mzee akatabasamu. "Tangu walale kaburini waliokuwa wananijua, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kama nalala vizuri."

Akawaeleza. Alipougua, mumewe alimshona na kumfunga fundo, kwa kuwa alimpenda na hakutaka kumwacha aende. Kisha mumewe akafa. Watoto wake wakafa. Mji ukahama. Yeye akabaki anapumua.

"Una mgonjwa?" alimuuliza mama.

"Mwanangu, bibi. Kifua."

"Basi mpige bandi tu. Mishono ya muda, bila fundo. Ukimwacha hivyo kuchwa hadi kucha, kifua kitapona, nawe utauvuta uzi ukiwa mzima. Fundo usifunge. Unanisikia? Fundo usilifunge."

"Nimesikia."

"Sasa nifumue, nimechoka."

Nyapara akafungua kikopo akampa sindano. Kwa bahati, fundo la malkia lilifungwa na mtu asiye fundi. Mama akalilegeza kwa ncha, akafumua mshono kwa mshono, anamwimbia kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto. Uzi ulipotoka wote, malkia akasema, "Ahsante, mwanangu," na pumzi ikaenda zake. Mama akamfumba macho. Akamwombea. Nyapara naye akapiga magoti, ingawa alikuwa amesahau maneno.

Waliporudi, mama alitaka kuja nyumbani moja kwa moja. Nyapara akasema haiwezekani, sindano lazima ipite kasrini, mfalme ameapa, ni kupita tu. Nyapara akaitwa ndani kwanza, peke yake. Mfalme alimuuliza safari yote, hatua kwa hatua, akicheka pale pa kucheka. Nyapara alifurahi kuchekewa na mfalme. Akasimulia ya malkia na bandi. Akasimulia na ya blanketi.

Kisha mama akaitwa. Mfalme alikuwa amelazwa kwenye mito, midomo ya buluu, lakini sauti yake tamu.

"Mama, mwanao ni wa kwanza. Nimeapa. Ila tazama hali yangu. Nikifa leo, wanangu watakunyang'anya uzi kabla hujatoka langoni, na nani atakutetea? Nipige bandi tu. Kesho asubuhi uuvute, askari wangu wenyewe wakusindikize kwa mwanao."

Mama akatazama mlangoni. Askari walikuwa wamesimama wawili wawili. Akamtazama Nyapara, naye akaitikia kwa kichwa kumwambia kubali, kesho si mbali. Aliamini. Mpaka leo mimi nasadiki kwamba Nyapara aliamini.

"Fundo sifungi," mama alisema.

"Usifunge," mfalme akasema.

Akaanza kushona. Na mfalme akaanza kumuuliza. Mwanao anapenda nini? Alipokuwa mdogo alikuwaje, mtundu? Mama alikuwa amebeba habari za mtoto wake kifuani safari nzima, na katika kasri lile hakutegemea mtu wa kumuuliza. Akaeleza. Akamwambia mfalme jinsi mtoto alivyokuwa anajificha ndani ya pamba, pua tu ndiyo inaonekana, na yeye anajifanya hamwoni, anazunguka chumba kizima akiuliza jamani mwanangu kaenda wapi, mpaka rundo la pamba linaanza kucheka. Mama akacheka. Machozi yakamtoka. Na mkono ukafika mwisho wa mshono, ukazungusha, ukapitisha, ukavuta.

Alilihisi fundo chini ya kidole, limeshakaza.

Mfalme akashusha shati lake. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi. "Ahsante, mama. Kazi safi."

"Bwana wangu, nimekosea! Ngoja nilifungue!"

"Halifunguki. Hukatwa. Na likikatwa, uzi umekufa, hautamfaa mwanao wala mimi. Sasa kwa nini tuuharibu?"

Nyapara akatoka mbele. "Mfalme, uliapa! Nani kakwambia hali—" Akaishia hapo.

"Wewe ndiye uliyeniambia," mfalme akasema. "Tena ulinichekesha sana."

Mama alinieleza kwamba pale hakumwangalia mfalme tena. Alimwangalia Nyapara, kwa kuwa uso wa mtu yule ulikuwa umeharibika kama umepigwa na jiwe, na akaona aibu kuendelea kumtazama, akageuza macho.

Nilimwona dirishani anakuja. Mtu aliyebeba kitu kizuri hukiwahisha. Yeye alitembea kama anayehesabu mawe ya barabarani. Nikajua. Nikaendelea kushika kikombe cha maji, nikampa mume wangu funda moja, ili mikono yangu iwe na kazi.

Mama akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umeupata?" mume wangu akauliza.

Angeweza kumdanganya. Mimi ningedanganya, Mungu anisamehe. Yeye akamwambia yote, kuanzia blanketi mpaka fundo, na mume wangu akamsikiliza akiwa amemshika kidole gumba kama watoto wanavyoshika.

"Kwa hiyo mfalme ana fundo lako," alisema mwishowe.

"Ana fundo langu."

"Maskini wee." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko. "Hajui alichojifunga. Atatamani."

"Nisamehe, baba yangu."

"Ulikuwa unanisimulia mimi, mama. Kuna kosa gani hapo?"

Siku ya pili yake, mchana, wakati barabarani watu wanapita na shughuli zao, alituaga. Kichwa kilikuwa kwenye paja la mama na miguu kwenye paja langu. Hakupigania. Alivuta pumzi moja, na nyingine tukaingoja. Tukaingoja sana.

Tulipotoka makaburini Nyapara alikuwa amesimama nje ya nyumba, juani, kofia mkononi. Majirani walikuwa wanamtazama kwa hasira, na mmoja alishaokota jiwe. Mama akapita katikati yao.

"Ingia, baba," alisema. "Jua kali."

Hayo tu. Nyapara aliacha kazi ya kasri, akawa anatubebea marobota ya pamba kutoka sokoni. Hawakuwa marafiki. Kuna siku mama hakuweza kumtazama, basi Nyapara aliweka robota mlangoni akaondoka bila kupiga hodi. Lakini mkate wake ulikuwa unakatwa.

Kwenye kazi, mama alishona kama zamani, ila akifika mwisho wa mshono mkono ulisimama. Ulibaki hewani na uzi, kama umesahau kilichokuwa kinafuata. Magodoro yakaanza kurudi yamefumuka, wateja wakanung'unika. Nikawa nakaa nyuma yake, yeye akimaliza upande mimi nafunga. Hakuniambia nifanye. Hakuniambia niache.

Miaka ikaenda. Mfalme hakufa. Mwanzoni watu walimshangilia, kisha wakamzoea, kisha wakamchoka. Aliwazika wake zake. Akawazika wanawe, mmoja baada ya mwingine, na kila akiugua ugonjwa wa kumwua, alibaki nao bila kufa. Ndipo siku moja askari wakaja, si kwa amri, wakaomba kwa kupiga magoti kwenye pamba. Mfalme anamwita fundi.

Nilimwambia, "Mama, usiende. Acha apumue."

"Alichomfanyia mwanangu ni kumnyima pumzi," alisema. "Mimi sitaki kumfanyia mtu kitu chochote na pumzi, wala kunyima wala kuzidisha. Nishike mkono, macho hayanisaidii."

Tulikwenda naye, na Nyapara nyuma yetu. Mfalme alikuwa kwenye mito ile ile. Alikuwa amekauka, macho tu ndiyo mabichi. Alipomwona mama alilia bila sauti.

"Nisamehe," alisema.

Mama alikuwa anapapasa kifuani kutafuta fundo lake. Alilipata.

"Nimekuja kufanya kazi, baba," alimjibu kwa upole. "La msamaha naliomba kwa Mungu kila siku. Mimi peke yangu limenishinda. Tulia sasa, usitikisike."

Nikampa mkasi. Akakata. Akafumua mishono yote, taratibu, asimuumize, kama alivyomfanyia malkia. Ila hakuimba. Mfalme alipotulia, mama akauvuta uzi wote, akauzungushia kidoleni kwa mazoea tu, maana ulikuwa uzi mtupu sasa, usiofaa hata kwa godoro.

Nyumbani aliketi kwenye kitanda cha mwanawe. Nilimletea chai, ikapoa. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au aende.

"Mkwe wangu," mama akaniita.

"Abee, mama."

"Angekuwa na umri gani sasa?"

Nikamtajia.

Akafikiri. "Basi angekuwa na mvi. Baba yake aliota mvi mapema, zilianzia hapa." Akagusa juu ya sikio lake mwenyewe, akaacha mkono pale, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe atuage, akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msiba ukiwa mpya. Nikaketi kando yake. Nyapara akaufunga mlango polepole, akabaki upande wa nje.